Kitanda cha Dakika Nne na Nusu

Sijui nani aliyewaambia watu wenye nafasi kwamba nyumba nzuri ni ile isiyo na pazia. Nyumba aliyotukodia binti yangu ilikuwa kioo upande wa bahari, kioo upande wa bustani, na bafu lake halina paa, unaoga huku ndege wanakutazama. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa mpaka ukiinama unaona kidevu chako. Makabati ya jikoni hayakuwa na vishikio. Nilisimama mbele yake nikitafuta pa kuvuta, mpaka binti yangu alipokuja akalisukuma moja kidogo kwa nyonga, likafunguka lenyewe. Kitandani kwangu kulikuwa na mito minane, na mimi kichwa ninacho kimoja.

"Mama, siku nne," binti yangu aliniambia kabla hatujashusha mizigo. "Siku nne usiguse kitu. Ule, ulale, utazame bahari. Umenielewa?"

"Nimekusikia."

"Sikuuliza kama umesikia."

Binti yangu anafanya kazi kwa daktari wa meno. Kutwa nzima anawaambia watu wazima na akili zao wafungue midomo, nao wanafungua, kwa hiyo amezoea kutiiwa.

Nilikuwa nimestaafu miezi mitatu. Miaka thelathini na moja nilitandika vitanda katika hoteli moja kubwa mjini, ghorofa ya tatu mpaka ya sita, na magoti yangu yalistaafu mapema kuliko mimi. Wenzangu walikuwa wakiniita Mashine, na nisiwe mnafiki, jina nilikuwa nalipenda. Kitanda kimoja kwa dakika nne na nusu. Wafanyakazi wapya waliletwa kusimama mlangoni wanitazame. Binti yangu amekulia ndani ya hadithi hiyo. Alipokuwa mvivu wa kuosha vyombo nilimwambia, mama yako anamaliza kitanda kwa dakika nne na nusu, wewe sufuria moja saa nzima unaibembeleza. Shuleni aliwahi kuandika insha juu yangu, mwalimu akaisoma mbele ya darasa, na karatasi yake ninayo mpaka leo.

Lakini uchovu niliokwenda nao kwenye nyumba ile haukuwa wa kulala ukaisha. Ni ule ambao ukilala unalala nao, na ukiamka unaukuta umeshaamka kabla yako, umekaa pembeni unakusubiri.

Nyumba ilikuwa peke yake mwisho wa njia ya mchanga. Jirani humwoni wala humsikii. Palikuwa na kijia tu kinachopita vichakani mpaka ufukweni, ambako watu wazima, wengine na mvi zao, walikuwa wamelala kifudifudi juu ya mbao ndefu wakisubiri wimbi kubwa. Likija wanasimama juu ya ubao, wanateleza nalo kidogo, wanaanguka, wanarudi tena kulisubiri lingine. Niliwatazama siku ile ya kwanza nikachoka kwa niaba yao. Binti yangu alikuwa amejiandikisha kufundishwa mchezo huo kila asubuhi.

"Na wewe utaanguka hivyo?" nikamuuliza.

"Ndiyo raha yenyewe, Mama."

Haya. Kila mtu na raha yake.

Kesho yake macho yalifunguka saa kumi na moja alfajiri, kama yalivyofunguka miaka yote. Nikalala nikitazama dari. Kulipokucha nikamsikia binti yangu akitoka na ubao wake, na nyumba ikabaki kimya, mimi na mito yangu minane. Nikasema nitandike kitanda changu tu, basi. Nilipomaliza nikaona si vizuri kukiacha cha binti yangu. Cha binti yangu kilipokwisha nikaona vikombe, halafu mchanga mlangoni, halafu taulo za bafuni. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikungoja kupewa. Na niseme kweli, kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nilijiona mtu.

Saa nne akaingia mhudumu wa nyumba, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini hivi, kikapu cha mashuka safi kwapani na simu kwenye mfuko wa aproni. Alinisalimu, akasema wanamwita Mama Pacha, kisha akasimama katikati ya sebule akiangaza huku na huku kama mtu aliyepotea nyumba.

"Nani amesafisha, mama?"

"Mimi. Kaa upumzike, mwenzangu. Na mimi kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo."

Alitabasamu kwa mdomo tu, macho hayakushiriki. Akatoa simu, akapiga picha kitanda, sinki, bafu. Mimi nikadhani anapenda kazi yangu, anataka kwenda kuwaonyesha wenzake. Nikajisogeza kando nisiharibu picha.

Halafu akakifumua kitanda.

Katika nyumba ya kioo huwezi kusema hukuona. Nilikuwa nimekaa nje barazani na kikombe cha chai, nikamwona mwanamke yule akivua kitanda changu, kitanda cha Mashine, mpaka godoro likabaki uchi. Akayakung'uta mashuka. Akaanza upya, taratibu, upande huu akazunguka upande ule, akapiga magoti, akachomeka, akainuka, akatazama, akachomeka tena. Bila kutaka nikaangalia saa. Dakika kumi na nane! Alipomaliza akapiga picha nyingine. Nikasema moyoni, huyu ana kiburi, hataki kusaidiwa.

Wakati wa kuondoka alisimama mbele yangu akishika mpini wa kikapu kwa mikono miwili.

"Mama, kesho uniachie tu. Tafadhali. Hata vyombo uviache."

"Mbona? Sikutandika vizuri?"

"Umetandika vizuri sana, mama." Akatazama chini, akaenda zake.

Mtu mwenye busara angeacha. Mimi nilikitazama kitanda chake, nikakikagua kona kwa kona nikitafuta kasoro, na sikuipata, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kesho yake tena niliamka na nia. Nilizinyoosha kona za shuka mpaka zikawa za kukata kidole. Mito nikaipanga kwa ukubwa. Sinki nikalisugua likang'aa. Ubishi hauzeeki, magoti tu ndiyo yanayozeeka.

Mama Pacha alikuja, akaona, akashusha pumzi ndefu. Akapiga picha zake. Akafumua, akatandika. Safari hii wakati wa kuondoka alisema maneno mawili tu: "Mama, nakuomba." Mimi nikamjibu kwamba asijali, sichoki. Uongo mtupu. Nilikuwa nimechoka mpaka meno.

Jioni nikamsimulia binti yangu, ambaye alikuwa anapaka dawa goti alilolichuna majini.

"Nilikuambia usiguse kitu," akasema.

"Mikono inaniwasha."

"Ipake mafuta."

Siku iliyofuata, saa nne kamili, Mama Pacha hakuja peke yake. Alikuja na msimamizi, msichana wa shati lililopigwa pasi na macho ya mtu asiyepata usingizi, anayesimamia nyumba tisa kama hiyo kando ya ufukwe ule. Aliniamkia kwa adabu, akaomba radhi kunisumbua, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mama, huyu mhudumu wetu amekuwa akifika hapa kila siku?"

"Amefika. Kwani kuna nini?"

Akanifungulia picha kwenye kifaa chake. "Kila siku anatakiwa atutumie picha mbili za kila chumba. Moja kabla hajasafisha, moja baada. Mwenye nyumba anaishi mbali, anazitazama mwenyewe. Hii ni ya juzi, kabla. Hii ya juzi, baada. Za jana hizi hapa. Wewe unaona tofauti?"

Nikavaa miwani. Kitanda safi na kitanda safi. Sinki linang'aa, sinki linang'aa.

"Mwenye nyumba anasema anapiga picha moja anaituma mara mbili, kazi hafanyi," msimamizi akasema. "Amekasirika sana. Kesho anakuja mhudumu mwingine. Nimekuja kuchukua funguo kwake, na kukuomba wewe radhi kwa niaba yetu."

Kumbe siku mbili nzima nilikuwa namtia mwenzangu mchanga kwenye kitumbua chake, huku nikijisifu namsaidia. Nikamtazama Mama Pacha. Alikuwa mlangoni na kikapu chake, midomo ameifunga. Hakuninyooshea kidole. Angeweza kusema neno moja tu, ni huyu hapa, lakini hakulisema.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nasafisha kabla hajaja."

Msimamizi akacheka kidogo, kicheko cha huruma. "Mama, una moyo mzuri. Lakini usimkingie kifua. Mgeni gani anakodi nyumba kama hii aje kutandika kitanda?"

Hapo ndipo nilipokosea kwa mara nyingine. Ningeweza kumwambia angoje binti yangu arudi kutoka ufukweni atoe ushahidi. Lakini kile kicheko kilinichoma. Mimi, Mashine, naambiwa sijui kutandika kitanda!

"Njoo chumbani," nikamwambia. "Saa unayo?"

Nikakifunua kitanda, mito yote minane nikaitupa sakafuni. Nikachukua shuka kwenye kikapu cha Mama Pacha. "Anza kuhesabu." Magoti yakalia, nikayaambia yanyamaze. Mikono haikuhitaji kuambiwa. Shuka likapaa, likatua mahali pake. Kona ya kwanza, ya pili, nikazunguka, ya tatu, ya nne. Kiganja kikapita juu mara moja, mkunjo ukatoweka. Mito ikarudi, mikubwa nyuma, midogo mbele. Nikasimama wima, jasho likinitiririka mgongoni.

"Dakika nne na sekunde thelathini na mbili," msimamizi akasema, mdomo wazi.

Makofi yakalia nyuma yetu. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, nywele zinachuruzika maji, ubao kwapani. "Huyo ndiye mama yangu!" akasema. "Mlifikiri utani?" Akamthibitishia msimamizi kwamba mimi ndiye niliyesafisha siku zote, kwamba sisikii la mwadhini wala la mnadi swala. Tukacheka wote. Hata Mama Pacha alitabasamu, safari hii na macho yakiwemo. Nilikuwa nimemwokoa. Kwa muda mrefu sikuwa nimejisikia vizuri namna ile.

"Basi nimeamini," msimamizi akasema. "Mama Pacha, kosa ni letu. Unabaki." Akaanza kuandika kwa kidole gumba. Akaandika zaidi ya nilivyotegemea. "Lakini mama, umenifungua macho kweli. Huyu kwenye nyumba hii moja anamaliza asubuhi nzima. Kama mtu wa umri wako, samahani mama, anaweza kutandika kwa dakika nne na nusu, basi yeye ataweza nyumba tatu kabla ya saa saba. Namwandikia mwenye nyumba sasa hivi, hizo mbili nyingine ni zake pia. Wahudumu wa huko tutawapumzisha."

Tabasamu la Mama Pacha likafa pale pale. "Dada, nyumba tatu siwezi," akasema kwa sauti ndogo. "Sitazifanya vizuri."

"Asiyeweza ataacha nafasi kwa anayeweza," msimamizi akasema, wala hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma tangazo ukutani.

Maneno hayo niliwahi kuyasikia. Miaka kumi na tisa nyuma, msimamizi wa vyumba alisimama nyuma yangu na saa mkononi kama huyu. Zamu moja ilikuwa vyumba kumi na vinne kwa kila mmoja wetu. Kesho yake vikawa kumi na vinane, kwa sababu Mashine anaweza. Tulikuwa na mwenzetu aliyetuzidi umri sote, tukimwita Shangazi. Ndiye aliyenifundisha kazi, tangu kushika ndoo. Shangazi alikuwa mtu wa taratibu, na vyumba kumi na vinane vilimshinda. Siku moja tukibadili nguo aliniuliza, "Mwanangu, unafanyaje? Nionyeshe na mimi." Nikamjibu ni mazoea tu, Shangazi. Wiki sita baadaye akaambiwa aache nafasi kwa anayeweza.

Nikamtazama binti yangu, bado anatabasamu. Nikatamani sana atoke, aende akaoge, arudi baadaye. Hakutoka. Na kidole cha msimamizi kilikuwa kinaendelea kuandika.

"Usitume," nikasema. "Funua hilo shuka kwanza."

"Lipi, mama?"

"La juu. Lifunue mpaka chini."

Akalifunua. Chini yake lilikuwepo shuka lile lile nililolilalia usiku, limevutwa likanyooka sawasawa, na mchanga wa miguu yangu umejaa pale katikati. Shuka la pili safi lilikuwa bado ndani ya kikapu, limekunjwa. Nikachukua mto mmoja nikaugeuza. Foronya ilikuwa ya jana, upande wa pili una alama ya mafuta ya nywele zangu.

"Hizo ndizo dakika nne na nusu," nikasema. "Nusu ya kazi sifanyi. Hotelini tulitakiwa kubadili yote. Mimi nilikuwa nabadili la juu, la chini nalivuta tu, au naligeuza, na mito hivyo hivyo. Wakaguzi wanatazama juu. Wageni walilalia jasho la wenzao, na mimi nikasifiwa. Kitanda cha haki kinataka dakika kumi na nane, kama cha huyu. Nimemhesabia kwa saa. Niliokuwa nao si ufundi, ni udanganyifu. Na wenzangu wakaongezwa vyumba kwa sababu ya udanganyifu huo, na mmoja akafukuzwa. Tulimwita Shangazi. Aliniuliza siri yangu nikamnyima."

Aibu ilinishika usoni mpaka masikioni, katika umri huu, mbele ya mtoto niliyemzaa.

Mawimbi yalikuwa yanavunjika kule chini kama hayana habari na sisi.

"Nilijua, mama," Mama Pacha akasema mwishowe. "Tangu siku ya kwanza nilipofunua."

"Na hukusema? Hata leo wanakunyang'anya funguo?"

"Mgeni hasemwi."

Kumbe ndiyo maana alikuwa anakifumua. Nami nikamwita mwenye kiburi.

Msimamizi alitaka kukaa ukingoni mwa kitanda, akaona mchanga, akaghairi. Akajisugua macho. "Mwenye nyumba atataka maelezo ya picha."

"Mwambie alikuwepo mgeni mwenye kiherehere," nikasema. "Mwambie kesho atapata picha ya kitanda kilichovurugika mpaka aridhike. Na kama kuna mahali pa kuandika maoni ya wageni, nitaandika haya yote, jina langu nitaliweka."

Aliutazama tena mchanga ule shukani. Kisha akafuta alichoandika, herufi moja moja. "Nyumba moja, kama zamani," akamwambia Mama Pacha, na funguo hakuzidai. Mlangoni akageuka. "Mimi zangu ni tisa," akasema, kama anayejisemea mwenyewe, akaenda kwenye gari lake.

Mama Pacha akavua kitanda. Akalitoa kikapuni lile shuka la chini, akalirusha. Mkono wangu ukanyooka wenyewe ukashika upande wa pili. Hakuvuta. Alisimama tu akinisubiri mpaka nikaachia, nikaenda kukaa kwenye kiti na mikono mapajani. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kukaa.

Binti yangu alikuwa bado pale pale mlangoni. Maji yalikuwa yamefanya kidimbwi miguuni pake.

"Shangazi alikwenda wapi?" akaniuliza.

"Sijui."

"Hukuuliza?"

Mama Pacha alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya tatu. Hakuinua kichwa.

"Alikuwa anakaa mtaa wa nyuma ya hoteli," nikasema. "Dakika kumi kwa miguu."

"Na hukwenda, Mama? Miaka kumi na tisa?"

"Nilikuwa nachoka," nikamwambia. "Kila siku nikitoka kazini nilikuwa nimechoka."